Jina Moja, Watu Wawili: Nani Mwenye Kitabu Hiki?



Katika darsa moja baina ya Magharibi na Isha tulikuwa tukisoma mas-ala ya fiqhi kutoka Tuhfatul-Muhtaj, na ulimi ukatutangulia tukasema: "Haya ndiyo maneno ya Ibn Hajar, mwenye Fat-hul-Bari." Hakuna aliyesema neno. Baada ya Sala mzee mmoja, ambaye si katika wanaojulikana kwa usomi, alitusogelea, akatushika mkono na kutuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, huyo mwenye Fat-hul-Bari aliisherehesha Minhaj lini?" Tukaona haya. Mwenye Fat-hul-Bari ni Ahmad bin Ali, Ibn Hajar Al-Asqalani, mtu wa Misri, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449). Mwenye Tuhfa ni Ahmad bin Muhammad, Ibn Hajar Al-Haytami, aliyehamia Makka na kufia huko mwaka 974 Hijria (1567). Wote wawili ni Ahmad, wote ni Ibn Hajar, wote wana lakabu ya Shihabuddin, wote ni wa madhehebu ya Shafii, na kati ya kufa kwa huyu na huyu ni miaka 122 ya Hijria. Darsa iliyofuata tulisahihisha mbele ya waliohudhuria, na tukaahidi kuwaeleza jambo hili kwa urefu. Makala hii inatokana na ahadi hiyo.

Asije mtu akasema kuwa ni kosa la jina tu na maneno ni yale yale. Sisi watu wa pwani fiqhi yetu kwa sehemu kubwa imetufikia kupitia Hadharamaut, na wanavyuoni wa huko wakitofautiana Ibn Hajar na Ramli huitanguliza Tuhfa. Basi anaposema mwalimu wa fiqhi wa kwetu "Ibn Hajar" bila kuongeza kitu, anamkusudia Al-Haytami. Anaposema hivyo hivyo mwalimu wa Hadithi, anamkusudia Al-Asqalani. Ukiyachukua maneno ya tarjihi ya madhehebu ukampa hafidhi wa Hadithi, msikilizaji atadhani kuwa mtu aliyezichambua njia zote za Hadithi ile ndiye aliyeamua hivyo. Umeipa kauli uzito ambao mwenyewe hakuupa. Na Al-Haytami huyu naye asichanganywe na Nuruddin Al-Haythami, kwa the, mwenye Majma'uz-Zawaid, aliyefariki mwaka 807 Hijria na ambaye ni mmoja wa walimu wa Al-Asqalani. Nukta moja ya ziada juu ya herufi, na kitabu kimehama karne na fani.

Elimu iliyowekwa kwa ajili ya hili

Wanavyuoni wa Hadithi hawakuliacha jambo hili kwa bahati. Waliliwekea mlango wake, wakauita al-muttafiq wal-muftariq, yaani majina yanayolingana kwa kuandikwa na kutamkwa huku watu wake wakiwa mbalimbali. Al-Khatib Al-Baghdadi (aliyefariki 463 Hijria) alitunga kitabu kizima kwa jina hilo, na Ibnus-Salah akaupa mlango huu nafasi katika Muqaddima yake, ambamo amewataja watu sita, kila mmoja akiitwa Al-Khalil bin Ahmad. Mmoja wao ni yule bingwa wa nahau wa Basra aliyeiasisi elimu ya arudhi.

Mfano ulio karibu zaidi na wanafunzi wetu ni Anas bin Malik. Kila mtoto wa madrasa anamjua Anas, Mwansari, mtumishi wa Mtume (s.a.w.), ambaye Hadithi alizozipokea ni zaidi ya elfu mbili. Lakini katika masahaba yupo Anas bin Malik mwingine, Al-Ka'bi, na Hadithi yake mashuhuri ni moja: kwamba msafiri ameondolewa nusu ya Sala pamoja na Saumu, na kwamba mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wamepewa ruhusa ya kutofunga. Imam At-Tirmidhi alipoipokea alitanabahisha kuwa huyu si yule, na kwamba hamjui kuwa na Hadithi nyingine. Tazama basi: Hadithi hii inaulizwa kila Ramadhani na kina mama wa msikitini, na msimulizi wake ni mtu ambaye wengi wetu hatumjui. Anayemdhania kuwa ni mtumishi wa Mtume atashangaa kumwona katika kisa hicho akija kama mgeni na kukaribishwa chakula. Anaweza hata kuitilia shaka Hadithi yenyewe, na hali Hadithi haina kosa, ila yeye amemkosa mtu.

Kisha kuna majina yaliyopinduliwa. Anas bin Malik ni sahaba aliyefia Basra, na Malik bin Anas ni Imamu wa Madina aliyefariki mwaka 179 Hijria. Kwa aina hii pia Al-Khatib alitunga kitabu mbali. Tutalihitaji jambo hili mbele tutakapofika Mombasa.

Babu na mjukuu nao wametaabisha wengi. Katika vitabu vya Kimaliki "Ibn Rushd" bila nyongeza ni babu, mwenye Al-Bayan wat-Tahsil, aliyefariki mwaka 520 Hijria. Mjukuu, aliyefariki mwaka 595, ndiye mwanafalsafa na mwenye Bidayatul-Mujtahid, kitabu cha khilafu za madhehebu ambacho hakikutungwa kuwa cha kutolea fatwa za Kimaliki. Vivyo hivyo Ibn Taymiyya. Muntaqal-Akhbar, ambayo Ash-Shawkani aliisherehesha katika Naylul-Awtar, ni ya Majduddin, babu, aliyefariki mwaka 652. Tumewahi kumwona mtu akiirudisha rafuni Muntaqa kwa ghadhabu kwa sababu ya magomvi anayoyasikia juu ya mjukuu, ambaye babu yake alipofariki yeye alikuwa bado hajazaliwa.

Lakini tahadhari inatakiwa upande wa pili pia, kwani "ni mtu mwingine mwenye jina kama lake" huwa ni njia nyepesi ya kukimbilia. Muhammad bin Jarir At-Tabari, mwenye tafsiri na tarehe, aliyefariki mwaka 310 Hijria, alinasibishiwa kauli ya kupaka miguu maji katika udhu badala ya kuiosha. Ibn Kathir anaeleza kuwa baadhi ya wanavyuoni walisema Ibn Jarir ni wawili, mmoja wao ni Mshia, na kauli hiyo ni yake. Na kweli yupo Muhammad bin Jarir bin Rustam At-Tabari katika wanavyuoni wa Imamia. Hata hivyo Ibn Kathir hakutosheka na hapo, bali aliirudia tafsiri ya Ibn Jarir mwenyewe, akaeleza kuwa inayoonekana humo ni kuwajibisha kuosha pamoja na kusugua. Huo ndio mwendo. Huwezi kumtakasa mtu wala kumtia doa kwa jina, mpaka ufungue kitabu chake. Na lililompata At-Tabari si dogo, kwani Ibn Kathir huyo huyo anasimulia kuwa alizikwa nyumbani kwake kwa sababu baadhi ya watu wa kawaida walizuia asizikwe mchana, wakimtuhumu kwa itikadi yake.

Hadithi na hadithi

Suala hugeuka zito zaidi pale mmoja wa wenye jina ni mwanachuoni na mwingine ni mtunzi wa visa vya kubuni. Na kwa Kiswahili mtihani huu umeanzia katika maneno yenyewe. "Hadithi" kwetu ni neno la Mtume (s.a.w.), na "hadithi" ni ya Abunuwasi na sungura. "Riwaya" kwa watu wa Qur'ani ni riwaya ya Hafs, na dukani riwaya ni kitabu cha visa vya mapenzi au upelelezi. Mgeni akisikia kuwa fulani ni "mtu wa riwaya" hana budi aulize tena.

Waarabu nao walikuwa na mfano wa hayo. Badiuz-Zaman Al-Hamadhani (aliyefariki 398 Hijria) alipotunga Maqamat alivianza visa vyake kwa sanad kama za wapokezi: ametusimulia Isa bin Hisham. Ukimtafuta Isa bin Hisham huyo katika vitabu vya wapokezi utachoka, kwani ni mtu wa kubuni. Akaja Al-Hariri (aliyefariki 516) akafuata nyayo zake kwa Al-Harith bin Hammam na Abu Zayd As-Saruji. Katika dibaji yake Al-Hariri alijitetea kuwa visa vya namna hii, vyenye mafunzo, havina lawama, kwani hakuna mwanachuoni aliyewakataza watu visa vya wanyama. Ibnul-Khashshab wa Baghdad, aliyefariki mwaka 567, alimpinga, kwa hoja kwamba mnyama anayesema kila mtu anajua kuwa ni mfano, ama mtu anayeomba sadaka mjini kwa hila anawezekana kuwepo kweli. Ibn Barri akamjibu kumtetea Al-Hariri.

Na hukumu yake? Hapa pana jambo ambalo lilitufurahisha tulipolikuta. Katika Ad-Durrul-Mukhtar, kitabu cha Kihanafi cha Al-Haskafi, imetajwa kuwa yafaa kusikiliza maajabu ambayo mtu hana yakini kuwa ni uongo, bali hata yale yenye yakini kuwa ni ya kubuni, ikiwa makusudio ni kupiga mifano, kuwaidhi, au kufundisha ushujaa na mfano wake, iwe kwa ndimi za wanadamu au za wanyama. Mwisho akaandika kuwa amelitaja hilo Ibn Hajar. Ibn Hajar yupi? Ibn Abidin (aliyefariki 1252 Hijria) alipofika hapo katika hashiya yake alilazimika kubainisha: ni yule wa Makka, katika sherehe yake ya Minhaj. Yaani ni Al-Haytami wetu wa Tuhfa. Na akatoa mfano wa visa vya namna hiyo kwa Maqamat za Al-Hariri. Basi hata fatwa ya kuhalalisha visa vya kubuni imetufikia chini ya jina la watu wawili, na ikamhitaji mtu wa tatu kutuambia mwenyewe ni nani.

Linalopatikana katika hayo ni kuwa anayetunga kisa hasemi uongo maadamu msomaji anajua anachokisoma. Lakini vile vile maneno ya kisa si ushahidi. Asemalo Abu Zayd As-Saruji si itikadi ya Al-Hariri. Ndiyo maana kumchanganya mwanachuoni na mtunzi wa visa ni dhulma ya pande mbili: maneno ya mhusika wa kubuni yanavaliwa kilemba cha sheikh, na sheikh anatupiwa maneno ambayo hata mtunzi hakuyasema kwa nafsi yake.

Rafu za pwani

Tulipoombwa kusaidia kupanga vitabu vya msikiti mmoja, vingi vikiwa vimeachwa wakfu na warithi wa watu mbalimbali, tuliyakuta haya yote katika rafu moja. Herufi M ilikuwa na jina "Mazrui" juu ya vitabu ambavyo kijana aliyevipanga aliviona vyote ni vya mtu mmoja. Navyo ni vya watu watatu. Wa kwanza ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyefariki mwaka 1947, mwenye magazeti ya Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, na mwenye Uwongozi. Wa pili ni mwanawe, Profesa Ali Al-Amin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki Marekani mwaka 2014, mtaalamu wa siasa. Wa tatu ni Profesa Alamin Mazrui, mtaalamu wa lugha, mshairi, na mtunzi wa tamthilia Kilio cha Haki ya mwaka 1981, inayohusu wafanyakazi wa shamba wanaodai haki zao.

Al-Amin bin Ali, na Ali bin Al-Amin: ndilo lile jina lililopinduliwa, kama Malik na Anas. Al-Amin na Alamin: ndio muttafiq wal-muftariq wenyewe, hasa jalada linapoandika "A. Mazrui" na kunyamaza. Na hao wawili wa mwisho wamewahi kuandika vitabu pamoja, jambo linalozidi kumkanganya mpangaji.

Kijana alitujia na swali ambalo alilichukulia kwa uzito. Alikuwa ameona kwamba "Mazrui" aliandika riwaya, The Trial of Christopher Okigbo, iliyotoka mwaka 1971, ambamo mshairi wa Nigeria aliyeuawa katika vita vya Biafra anashitakiwa katika ulimwengu wa baada ya kufa. Akauliza: vipi Kadhi Mkuu aizungumzie Akhera namna hii? Tulimjibu kwa mpangilio. Kwanza, Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947 na vita vya Biafra vilianza mwaka 1967, basi tarehe peke yake imekwisha kumtoa. Pili, mwenye riwaya ni mwanawe. Tatu, hata mwanawe hakuandika hapo kitabu cha aqida, bali ametunga mahakama ya kubuni ili kuuliza kama yafaa mshairi kufa kwa ajili ya kabila lake. Mwenye kutaka kumpinga ampinge katika hilo. Yule kijana alinyamaza, kisha akasema kuwa alikuwa ameshawaambia wenzake wawili. Tukamwambia awaendee usiku ule ule, na akaenda.

Na tarehe nayo ina mtego wake. Kitabu cha Sheikh Al-Amin cha historia ya Mazrui, alichokiandika kwa Kiarabu, kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Anayeangalia mwaka wa chapa tu atasema kuwa huyu hawezi kuwa sheikh aliyefariki mwaka 1947, atakuwa ni mmoja wa maprofesa. Mwaka wa chapa si mwaka wa mtunzi. Watu wa Hadithi walipima kwa kuzaliwa, kufa, walimu na wanafunzi, wala hawakupima kwa siku nakala ilipoandikwa.

Unguja hali ni hiyo hiyo. Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912 hadi 1982), mwenye Qurani Takatifu na kitabu cha wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki, anakaa rafu moja na Muhammad Saleh Farsy, mwenye Kurwa na Doto, kisa cha maisha ya kijiji cha Unguja kilichotoka mwaka 1960. Mwaka huo huo wa 1960 kilitoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammad Said Abdulla, mwenye visa vya Bwana Msa. Na Muhammad Said Abdulla naye si Mohamed Said, mwandishi wa maisha ya Abdulwahid Sykes na historia ya Waislamu katika kupigania uhuru wa Tanganyika, kitabu cha mwaka 1998. Mmoja ni wa upelelezi wa kubuni, mwingine ni wa historia. Mwenye kunukuu "Mohamed Said" katika khutba ya Ijumaa na aseme ni yupi.

Liko pia kinyume chake, mtu mmoja kudhaniwa wawili. Al-Khatib alilitungia hilo nalo, kitabu cha kuwabainisha waliochanganywa na waliotenganishwa kwa kukosea. Msomaji wa Utengano (1980) anamjua Said Ahmed Mohamed wa Pemba. Mwanafunzi wa chuo kikuu anasoma makala za kitaalamu za Said A. M. Khamis. Ni mtu mmoja: Said Ahmed Mohamed Khamis.

Katika mambo ya pesa wanavyuoni hawakutuacha. Ukinunua kitabu kwa sharti kuwa ni cha Sheikh fulani, kikadhihiri kuwa ni cha mwenye jina lake, sifa uliyoishurutisha imekosekana, na unayo khiyari ya kukirudisha. Ama ukikiokota wewe mwenyewe dukani kwa kudhani tu, bila muuzaji kukuahidi wala kukudanganya, dhana yako ni juu yako. Na anayeandika wasia wa vitabu vyake asiandike "Mazrui zangu wapewe madrasa". Aandike jina, la baba, na jina la kitabu.

Katika msikiti ule tuliishia kuweka kikaratasi ndani ya kila jalada: jina, jina la baba, nisba, mji, mwaka wa kufa, na kama kitabu ni cha elimu au ni kisa. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tatu. Kimoja bado kiko mezani. Jalada limechanika, ukurasa wa mwanzo hakuna, na mgongoni limebaki neno "Nawawi" tu. Ndani mna fiqhi ya Kishafii. Huenda ni Yahya bin Sharaf wa Sham, mwenye Minhaj, aliyefariki mwaka 676 Hijria, na huenda ni Muhammad Nawawi wa Banten katika nchi ya Jawa, aliyefia Makka mwishoni mwa karne ya 19, ambaye sherehe yake ya Safina iko katika madrasa zetu nyingi. Kurasa mbili tulizozisoma zinamtaja Ibn Hajar kwa sigha ya marehemu. Ikiwa ni yule wa Tuhfa, mwenye Minhaj ametoka, kwa kuwa alimtangulia kwa karne tatu. Tunaendelea kusoma.

Wallahu aalam.